Kompyuta kulala sio kuzima, soma hii kabla umeme haujakatika

Juzi kaja mama mmoja wa steshenari hapa Chikongola, kapakia sipiyu yake kwenye bajaji, ananiambia mwanangu niokolee kazi, mchana niliiacha imelala nikaenda kuswali, umeme ukakatika, kurudi naiwasha inaanza upya, ripoti ya mwanafunzi kurasa 40 haipo. Tulihangaika kwenye zile kopi Word inazojiwekea yenyewe tukapata kurasa 26. Zilizobaki kakaa usiku kuzichapa tena, na iliniuma maana setingi moja tu ingemuokoa.

Iko hivi, kwa kompyuta za Windows. Ukiilaza kompyuta kwa silipu, karibu kila kitu kinazimwa lakini RAM, yaani memori ya muda, inaendelea kunywa umeme kidogo ili ishike ulichofungua, ikikosa huo umeme inasahau yote hapo hapo. Haibaneti ni kitu kingine, yenyewe inaandika yaliyomo kwenye RAM kwenye faili la hiberfil.sys lililopo draivu C halafu mashine inazima kabisa, hata waya uchomoe, ukiwasha kesho unakuta ulipoishia. Alafu kuna haibridi silipu inayofanya yote mawili, inalala huku nakala ipo kwenye diski, na hii ndo ya deskitopu isiyo na UPS, lile boksi la betri la kushika umeme ukikatika.

Sasa kwa nini ya mama haikumsaidia? Kuna fundi alimzimia haibaneti ili apate nafasi kwenye C, kwa RAM ya GB 8 lile faili linakula kama GB 3.2 hivi, na ukiizima haibaneti ile haibridi nayo inaondoka. Mafundi wenzangu tuache huu mchezo jamani, nafasi ya GB 3 hailingani na kazi ya mtu. Kama C imejaa hamisha video.

Kuirudisha: andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, ifungue kama administreta, andika powercfg /hibernate on, piga enta. Ukiandika powercfg /a itakuonyesha mashine yako inakubali aina gani za kulala. Kisha ingia kontroli paneli, setingi za umeme zile za ndani (advanced power settings), ruhusu haibridi silipu.

Laptopu shida yake ni mfuniko. Nyingi za saivi zikilala hazilali kweli, zinashtuka shtuka kutafuta mtandao, sasa karani kipindi cha korosho anafunga laptopu Mtwara anaitia begani anapanda gari la Newala, akifika imechemka na betri haina kitu. Weka ukifunga mfuniko bila chaja iende haibaneti, na betri ikifika mwisho pia haibaneti. Itachelewa kidogo kuamka, vumilia.

Muda mimi naweka skrini izime dakika 5, silipu 15, luku inapumua. Zile picha zinazochezacheza kwenye skrini haziokoi umeme, toa.

Ya mama tuliijaribu pale pale, tukafungua barua ya majaribio bila kuisevu, tukailaza, nikachomoa waya ukutani, nikahesabu mpaka 20 nikarudisha. Ikawaka na barua ile ile, mshale ukiwa kwenye neno lile lile, mama kaniambia hebu chomoa tena nione.