Je, wajua kwa nini nyuzi za bangili hujifunga zenyewe?

Unakata nyuzi nane za kudarizi ili ufunge bangili ya mafundo, unazilaza sambamba, unabana vichwa vyake kwa pini kwenye goti la suruali, unaanza kazi. Bangili haijafika hata upana wa kidole, huko chini kumeshavurugika: njano imepita katikati ya nyeusi, bluu imejizungusha yenyewe, na kuna fundo ambalo wewe hukulifunga. Basi nani amelifunga?

Swali hili lina majibu ya kisayansi. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walitumbukiza kipande cha uzi ndani ya boksi, wakalizungusha boksi mara 10, kisha wakafungua kuangalia kilichotokea. Walirudia hivyo mara 3,415. Uzi wa chini ya sentimeta 46 haukujifunga. Kuanzia urefu huo hadi kama meta moja na nusu, uwezekano wa kukuta fundo ulipanda kwa kasi, na kwa nyuzi ndefu zaidi ukatulia karibu na nusu kwa nusu. Aina za mafundo waliyoyatambua zilifika kama 120. Mwaka uliofuata wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Maelezo yao ni rahisi. Uzi mrefu ukikaa mahali padogo hujikunja mizunguko inayolaliana. Ncha iliyo huru ikitikiswa hupita juu ya mzunguko huu, chini ya ule, juu ya wa tatu, na fundo tayari. Mkosaji mkubwa ni ncha, kwa sababu uzi uliobanwa pande zote mbili hauwezi kujifunga fundo la kweli, hata uutikise mpaka jioni.

Sasa angalia uzi wa bangili. Wengi hukata kama meta moja kila mmoja, yaani palepale ambapo hatari inapanda kwa kasi. Kisha nyuzi zenyewe ni nane, na anayezitikisa ni mfungaji mwenyewe. Tuchukue bangili ya rangi za bendera yetu ya Tanzania, ile ya mistari ya mshazari. Kutoka kulia panga kijani mbili, njano moja, nyeusi mbili, njano moja, bluu mbili. (Anzia kulia, ndivyo mistari inavyopanda kama ya bendera, kijani ikiwa juu.) Uzi wa kulia kabisa unaufungia jirani yake wa kushoto vitanzi viwili, na hivyo viwili ndivyo fundo moja, kisha anayefuata, mpaka uwapitie wote saba. Hiyo ni safu moja: mafundo 7, vitanzi 14. Kila kitanzi kinataka mkia wote wa uzi upite ndani yake. Mkia ukiwa wa meta moja, safu ya kwanza peke yake unaburuta kama meta 14 za uzi katikati ya nyuzi nyingine. Bendera nzima ina safu 8, kwa hiyo ni karibu meta 100 za kuburuta kabla hata bangili haijaanza kuonekana. Lile boksi la California lilizunguka mara 10 tu.

Wanaosuka ukili hawana taabu hii, na sababu ni mbili. Ukindu una ukakamavu wake, haukubali kujikunja ovyo, na msukaji anatumia vipande vifupi anavyoviongeza kimoja kimoja kadiri ukili unavyorefuka. Uzi wa kudarizi ni laini, na mafundo ya bangili hayana pahali pazuri pa kuficha kiungo, kwa hiyo si rahisi kukata vipande vifupi na kuunganisha njiani. Kinachobaki ni kuufanya uzi mrefu ujifanye mfupi.

Njia nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni vishada. Shika uzi karibu na bangili, acha sentimeta 20 hivi, kisha unaobaki uzungushe kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho kwa umbo la nane: mbele ya gumba, nyuma yake, mbele ya kidole cha mwisho, nyuma yake. Bana kiuno cha nane hiyo kwa kimpira kidogo cha nywele. Kishada kiwe chembamba, kisizidi unene wa penseli, ili kipite kwenye kitanzi bila kugombana. Uzi ukiisha, vuta kidogo, kinaachia. Ukirudi kwenye hesabu yetu, vitanzi 14 kwa sentimeta 20 hazifiki meta 3 za kuburuta kwa safu.

Kwa nini nane na si kuzungusha tu kwenye kidole? Kwa sababu ya msokoto. Uzi uliozungushwa upande mmoja, ukiuvuta kutoka kichwani pa mzingo bila mzingo wenyewe kuzunguka, kila mzunguko unaotoka unauachia msokoto mmoja zaidi. Uzi wenye msokoto mwingi ukilegea hujikunja wenyewe na kujishika kiunoni. Kwenye nane, mzunguko wa kushoto unafuta wa kulia. Ukiona uzi umeshaanza kujipinda, inua bangili juu, acha mkia uning'inie na uzunguke hewani mpaka utulie wenyewe.

Wengine hukata kipande cha boksi gumu, wakachana mipasuo ukingoni na kuukalisha kila uzi kwenye mpasuo wake, wakiacha huru ule unaofanya kazi tu. Kwa anayejifunza ni msaada mkubwa, kwani mipasuo inatunza pia foleni. Mwenye mkono mwepesi atachoka nayo haraka.

Foleni ni jambo jingine kabisa, ingawa watu hulichanganya na kutatizana. Nyuzi zinaweza kuwa safi kabisa na bado bluu ikakaa mbele ya nyeusi. Habari njema ni kwamba mafundo yenyewe yanahesabu: kila safu ikiisha, uzi uliokuwa kulia unahamia mwisho kushoto na wengine wote wanasogea nafasi moja. Baada ya safu 8 mpangilio unarudi kama ulivyoanza. Kijani mbili hazijarudi kulia? Kuna mahali umeruka, na ni ndani ya safu 8 hizo hizo, huna haja ya kufumua zaidi.

Mengine ni ya mazingira. Zima pangaboi, na upepo wa kusi ukivuma barazani upe mgongo. Usitumbukize bangili isiyokwisha kwenye mkoba ukapanda daladala ya kutoka Mtwara kwenda Mikindani. Ni kama kilometa 10 tu, lakini mtikisiko wake unatosha kumaliza kazi iliyoanzishwa na mkono wako. Ibane kwenye daftari, mikia izungushwe kwenye jalada.

Na ikishatatizana, usivute ncha za chini, kwani hapo ndipo mpishano uliolegea unakuwa fundo la kweli. Tikisa rundo lote lilegee, kisha chagua uzi mmoja, ushike juu kabisa karibu na bangili, uvute taratibu kuelekea juu mpaka mkia wake wote utoke. Uweke kando, chagua wa pili. Kwa kuwa upande mmoja uko huru, mara nyingi uzi wa nne ukishatoka, zilizobaki zinaachana zenyewe.