Sanaa Haizoi Takataka: Dhana Potofu Kuhusu Kufufuka kwa Visiwa vya Seto

Kila panapozungumzwa namna sanaa inavyoweza kuinua eneo lililoharibiwa na viwanda, visiwa vya Bahari ya Ndani ya Seto nchini Japani havikosi kutajwa. Naoshima, Teshima na Inujima, vilivyoko kati ya mikoa ya Okayama na Kagawa, vilipata sifa mbaya kwa moshi wa viwanda vya kuyeyushia shaba na kwa taka zenye sumu, na leo vinajulikana kwa majumba ya sanaa yanayowavuta wageni kutoka kila bara. Habari hiyo ni ya kweli, ila inavyosimuliwa ina kasoro: mwanzo na mwisho huunganishwa moja kwa moja, na katikati, ambako ndiko kazi ilikofanyika, hurukwa. Humo ndimo zilimozaliwa dhana kadhaa zinazofaa kuchujwa na yeyote anayetaka kujifunza kutoka huko, kabla hajaanza kutafuta wachoraji na wachongaji.

«Sanaa ndiyo iliyosafisha Teshima»

Sivyo. Teshima ilisafishwa na mitambo ya kuchimbia, meli na tanuri, na vyote hivyo vilipatikana kwa sababu wakazi walipambana na serikali ya mkoa wao kwa robo karne.

Mwaka 1975 mfanyabiashara mmoja aliyemiliki ardhi katika ncha ya magharibi ya kisiwa aliomba kibali cha kushughulikia taka za sumu. Wakazi walimpinga, wakafika hadi mahakamani. Mwaka 1978 mkoa wa Kagawa ulimpa kibali cha namna nyingine: afuge nyungunyungu na kuwalisha taka zisizo na madhara, kama vile tope la viwanda vya karatasi. Ufugaji huo haukudumu. Kilichofuata ni mabaki ya magari yaliyosagwa, mafuta machafu na tope la viwandani, vitu vilivyoletwa kwa feri, vikarundikwa na kuchomwa moto hadharani, huku maofisa wa mkoa waliokwenda kukagua wakikubali maelezo kwamba hizo hazikuwa taka bali malighafi ya kupatia metali. Maelezo hayo yaliwatosha kwa miaka mingi. Aliyekuja kulikomesha jambo lile, Novemba 1990, hakuwa mkoa wa Kagawa, bali polisi wa mkoa wa Hyogo waliovamia eneo hilo.

Mwenye taka alizuiwa, lakini taka zilibaki. Ndani yake mlikuwa na madini ya risasi na kemikali za sumu zinazodumu kwa muda mrefu, yaani PCB na dayoksini, na maji ya mvua yaliyopita humo yalichuruzika hadi baharini. Mwaka 1993 mamia ya wakazi, wengi wao wazee, waliwasilisha ombi la usuluhishi kwa mujibu wa sheria ya migogoro ya uchafuzi, wakisaidiwa na wakili Kohei Nakabo. Walisimama siku baada ya siku mbele ya ofisi za mkoa mjini Takamatsu, na wakazunguka Kagawa kuwaeleza watu ambao hawajawahi kukanyaga kisiwani kwao kwa nini jambo lile liliwahusu wao pia. Madai yao makuu yalikuwa mawili: mkoa ukiri kosa lake, na taka ziondolewe zote. Mapatano yalifikiwa tarehe 6 Juni 2000, na gavana akawaomba radhi hadharani.

Hapo ndipo usafishaji wenyewe ulipopata kuanza. Ukuta wa chuma ulizamishwa ardhini kando ya ufuo ili maji machafu yasifike baharini, na kuanzia mwaka 2003 taka zikachimbwa, zikapakiwa melini na kupelekwa Naoshima, ambako ziliyeyushwa kwa joto linalokaribia nyuzi 1,300 za Selsiasi. Shaba na metali nyingine zilitenganishwa na kurudishwa viwandani, na mabaki yaliyoganda yakatumika kutengenezea zege. Shehena ya mwisho ya uondoaji mkuu iliondoka Teshima Machi 2017. Jumla yake ilikuwa takriban tani 900,000, kiasi kilichopita mbali makadirio ya awali, na maji ya ardhini yaliendelea kusafishwa kwa miaka kadhaa baadaye. Jumba la Sanaa la Teshima, ambalo wengi hudhani ndilo lililoleta mabadiliko, lilifunguliwa Oktoba 2010. Kwa zaidi ya miaka sita, basi, wageni walikuwa wakivua viatu na kuingia humo kimya kimya wakati mitambo ikichimbua uchafu kwenye ncha ya pili ya kisiwa hicho hicho.

«Kama haisafishi, basi ni pambo tu»

Wanaogundua kwamba simulizi la kwanza si kweli mara nyingi hukimbilia upande huu wa pili, nao hukosea vilevile. Tanuri huondoa sumu, lakini haliwezi kumpa mtu sababu ya kwenda Teshima, kununua mchele wa Teshima au kukubali kuolewa huko. Kisiwa ambacho jina lake limetajwa kwenye magazeti kwa miongo miwili pamoja na neno «sumu» huendelea kuumia hata baada ya vipimo vya maabara kuonyesha kwamba udongo uko salama, kwa kuwa wavuvi na wakulima wake huuza kwa watu wasiosoma vipimo vya maabara.

Jumba lenyewe linaonyesha vizuri sanaa ilishika kazi gani. Mbunifu Ryue Nishizawa alilijenga kwa zege lisilo na nguzo hata moja, upana wake kama mita 40 na urefu kama mita 60, na kimo chake mahali palipoinuka zaidi hakifiki mita tano. Mafundi walirundika udongo wakautengeneza umbo la kilima, wakamwaga zege juu yake, kisha zege lilipokauka wakaufukua udongo wote kutoka chini. Juu mna matundu mawili makubwa yaliyo wazi, ambayo mvua, upepo na ndege hupita wapendavyo. Ndani hamna picha wala sanamu. Kazi ya msanii Rei Naito ni matone ya maji yanayojitokeza kwenye vitundu vidogo vya sakafu, yakatiririka, yakakutana na kuwa vidimbwi, na hatimaye yakapotea. Kisiwa hicho, tofauti na vingi vya bahari ile, kina chemchemi, na kwa sababu yake kililima mpunga tangu zamani. Kuchagua maji yanayotoka ardhini kuwa ndiyo sanaa ya mahali ambapo maji ya ardhini yalitiwa sumu ni uamuzi ambao, kwa maoni yangu, unasema zaidi ya bango lolote la maelezo.

Tena jumba halikusimama peke yake. Limekaa katika kona ya majaruba ya Karato, yaliyojengwa kwa ngazi kwenye mteremko unaotazama bahari, ambayo mengi yalikuwa yameachwa yakamezwa na vichaka kwa kuwa waliobaki kisiwani walizeeka. Ujenzi ulikwenda sambamba na kuyafufua majaruba hayo, wakazi wakishirikiana na wakfu unaomiliki jumba, na mpunga ukarudi kulimwa. Hapa sanaa ilifanya jambo ambalo sheria ya taka haikuwa na kifungu chake: ilirudisha kilimo. Wasomaji wa pwani yetu watakumbuka kile chombo kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa kandambili za rangi, kikasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Hakikuondoa plastiki yote baharini, wala haikuwa kazi yake. Kilipeleka hoja mahali ambapo ripoti hazifiki.

«Majumba ya sanaa huletwa ili kufunika madhambi ya viwanda»

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni ngumu kuipangua. Mgeni anayeshuka Teshima, akapanda baiskeli hadi Karato na kurudi bandarini, anaweza kuondoka bila kujua kwamba upande wa magharibi kulikuwa na mlima wa taka. Isitoshe, kamati inayoandaa maonyesho ya sanaa ya Setouchi katika visiwa hivi, yanayofanyika kila baada ya miaka mitatu tangu mwaka 2010, huongozwa na gavana wa Kagawa, yaani mkoa ule ule uliotoa kibali cha nyungunyungu. Mtu akinuna kwa hilo, hana kosa.

Hata hivyo mambo yaliyopo hayafanani na kificho. Kwenye eneo la taka kuna nyumba ya kumbukumbu inayotunzwa na wakazi wenyewe, ambamo pamehifadhiwa kipande cha ukuta wa taka kama zilivyolala, tabaka juu ya tabaka. Naoshima nayo ina kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza mwaka 1917, ambacho moshi wake wa salfa uliua miti ya sehemu ya kaskazini. Kiwanda hicho hakikuvunjwa, kingali kinafanya kazi. Jumba la Chichu, lililochimbwa chini ya ardhi na mbunifu Tadao Ando ili lisiharibu sura ya kilima, lilifunguliwa kusini mwa kisiwa mwaka 2004, na wakati huo huo taka za Teshima zilikuwa zimeshaanza kuyeyushwa kaskazini mwake.

Inujima ni mfano ulio wazi kuliko yote. Kiwanda chake cha shaba kilifanya kazi kwa takriban miaka kumi tu, kuanzia mwaka 1909 hadi 1919, bei ya shaba ilipoanguka, kikaachwa kama gofu kwa karibu karne nzima. Lilipofunguliwa jumba la sanaa mwaka 2008, mabomba marefu ya moshi hayakubomolewa. Mbunifu Hiroshi Sambuichi aliyatumia kuvuta hewa: inaingia kupitia ujia wa chini ya ardhi unaoipoza, inapita vyumbani, na kutoka kwa nguvu ya bomba, bila kiyoyozi. Matofali meusi yaliyotokana na mabaki ya uyeyushaji, yanayoshika joto vizuri, yamejengewa humo humo. Nani atasema kwamba hapo historia imefichwa, wakati jumba lenyewe linapumua kwa bomba la kiwanda?

«Wageni walileta sanaa, wenyeji wakapokea»

Wazo la kuigawa Naoshima, viwanda kaskazini, makazi na shule katikati, utamaduni na utalii kusini, lilikuwa la Chikatsugu Miyake, meya aliyekiongoza kisiwa tangu mwaka 1959 hadi 1995. Yeye ndiye aliyekutana mwaka 1985 na Tetsuhiko Fukutake, mchapishaji wa vitabu kutoka Okayama, wakakubaliana kuanzisha kambi ya watoto. Fukutake alifariki mwaka uliofuata, na mwanawe Soichiro akaendeleza kazi.

Ni kweli kwamba hatua za mwanzo ziliwaacha wenyeji pembeni. Jumba la Benesse la mwaka 1992, ambalo ni jumba la sanaa na hoteli kwa pamoja, lilijengwa kilimani, mbali na kijiji, na mwanakijiji hakuwa na sababu kubwa ya kupanda huko. Mambo yalibadilika mwaka 1998, wasanii walipopewa nyumba zilizohamwa katikati ya mitaa ya Honmura, kijiji cha Naoshima. Katika nyumba ya kwanza, Kadoya, msanii Tatsuo Miyajima aliweka tarakimu 125 za taa ndani ya dimbwi la maji, na kasi ya kila moja ikapangwa na mkazi mmoja wa kisiwa, watoto kwa wazee. Tangu hapo bibi wa Naoshima aliweza kumwonyesha mgeni kidole na kusema ile pale ni yangu. Teshima nako, nyumba iliyoachwa iligeuzwa kuwa mkahawa mwaka 2010, na akina mama wa kisiwa wakapika humo mapishi yao wakishirikiana na wapishi wa hoteli ya Tokyo. Mradi ambao wenyeji wake hulinda mlango tu ungekuwa mradi mwingine kabisa.

«Wageni milioni moja ni dalili ya kupona»

Maonyesho ya mwaka 2010 yalihesabu watembeleaji wapatao 938,000 katika siku 105, na ya mwaka 2019 takriban milioni 1.18. Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa hujumlishwa kituo kwa kituo, na mtu aliyezuru visiwa kadhaa huhesabiwa zaidi ya mara moja. Pia wingi wenyewe si neema tupu: boti ndogo zilijaa, na tangu mwaka 2013 waandaaji waliyagawa maonyesho katika misimu mitatu badala ya kuyarundika katika kiangazi.

Kipimo kinachofaa zaidi ni idadi ya wanaobaki, na hapo matokeo ni ya kuchanganyika. Naoshima ina watu karibu 3,000, ambao hawafikii nusu ya waliokuwapo enzi za ustawi wa kiwanda. Teshima hawafiki elfu moja. Inujima wamebaki makumi machache. Kupungua hakujakoma. Lakini Ogijima, kisiwa kidogo kilichoshiriki maonyesho tangu mwanzo, kilipata familia changa zilizohamia baada ya maonyesho ya mwaka 2013, na shule iliyokuwa imesimamishwa kwa kukosa wanafunzi ikafunguliwa tena Aprili 2014.

«Mahali popote paweza kuiga»

Majengo yanaigika. Visivyoigika kirahisi ni mfadhili mmoja aliyekubali kutumia fedha kwa zaidi ya miaka 30 katika mahali pale pale, meya aliyekaa madarakani kwa miaka 36, na sheria iliyowawezesha wazee wa kisiwa kidogo kuikalisha serikali ya mkoa mezani hadi ikalipa. Mji wenye jalala ambalo mwenyewe hajatajwa wala kuwajibishwa, ukianza kwa kuchora kuta zinazolizunguka, utakuwa umeanzia mwisho. Na ikiwa fedha za michoro hiyo zimetoka kwa aliyetupa taka, basi ile dhana ya kufunika madhambi, ambayo Teshima haiistahili, itakuwa imepata mahali pake halisi.