Je, wajua kwa nini siagi ya korosho haina kipimo kimoja cha mnato, yaani ugumu wa kumiminika?

Korosho zilizobanguliwa Masasi au Newala zikikaangwa na kusagwa hadi zitoe mafuta, hupatikana siagi ambayo haisogei kopo likiinamishwa, lakini ikikorogwa kidogo hulegea na kumiminika. Maji, uyakoroge polepole au upesi, hubaki na mnato uleule, takriban milipaskali-sekunde 1 katika nyuzi joto 20. Siagi hii sivyo, kwa sababu chembe za korosho zilizosongamana ndani ya mafuta hushikana na kufanya mtandao dhaifu, ambao hukatika nguvu inapozidi kiwango fulani na kujiunga upya siagi ikitulia.

Kwa hiyo anayetaka kuipima kwa reomita, yaani mashine inayozungusha sahani moja juu ya nyingine huku sampuli ikiwa katikati, hana budi kujiuliza kwanza anatafuta nini. Siagi inapopakwa kwenye mkate, matabaka yake huteleza kwa kasi kubwa. Chembe zinapozama taratibu koponi na kuacha mafuta yakielea juu, kasi hiyo ni ndogo mno, na kipimo cha hali ya kwanza hakisemi lolote kuhusu ya pili. Joto nalo lishikiliwe mahali pamoja, kwani mafuta ya mchana wa Mtwara si mazito kama ya chumba chenye kiyoyozi. Kila sampuli ikorogwe na kupumzishwa kwa muda uleule kabla ya kupimwa, la sivyo kinachopimwa ni jinsi ilivyochotwa.

Mtego mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni utelezi. Mafuta hujikusanya karibu na sahani na kufanya utando mwembamba, sahani ikateleza juu yake huku siagi yenyewe ikiwa imetulia, na mashine ikatoa mnato mdogo usio wa kweli. Dawa yake ni kurudia kipimo kwa nafasi tofauti kati ya sahani, kila nafasi ikiwa angalau mara 10 ya chembe kubwa kabisa: majibu yakipishana, utelezi upo, na hapo hutumika sahani zenye mikwaruzo.

Kasi ya sahani ikipandishwa kisha ikashushwa, kwenye grafu ya nguvu dhidi ya kasi mstari wa kushuka kwa kawaida hukaa chini ya ule wa kupanda. Ni rahisi kusema kwamba mtandao umekatika, lakini ukingo wa sahani uangaliwe kwanza, maana siagi iliyofurika nje nayo huushusha mstari huo.