Hatari ya Baada ya Ruhusa: Siku za Mwanzo za Mgonjwa wa Akili Nyumbani

Mgonjwa wa akili aliyelazwa Mombasa akiruhusiwa kurudi kwao Lamu, hushuka basi Mokowe akavuka kwa boti. Mkononi ana mfuko wa dawa na kadi ya kliniki yenye tarehe ya mwezi ujao. Jamaa wamemsubiri gatini. Jioni hiyo nyumba imejaa watu, pilau imepikwa, na kila mmoja asema alhamdulillahi, amepona.

Siku zinazofuata ndizo zinazowatia hofu wataalamu. Hatari ya baada ya ruhusa maana yake ni hii: uwezekano wa mtu kujiua hupanda sana mara atokapo wodi ya akili, na miezi 3 ya mwanzo, hasa wiki ya kwanza, ndiyo mibaya zaidi. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliotoka 2017 ulikuta kwamba katika miezi hiyo 3 kiwango ni zaidi ya vifo 1,100 kwa watu 100,000, kikipimwa kwa mwaka. Duniani kwa jumla, mwaka 2019, kiwango kilikuwa kama 9. Hata hivyo, walio wengi mno hurudi nyumbani na wakaishi.

Hospitalini nako hatari ipo, hasa siku za mwanzo za kulazwa. Lakini huko muuguzi yu macho usiku kucha na dawa huletwa kwa saa yake. Nyumbani deni liko pale pale, ndoa imeyumba, na barazani mazungumzo hukatika apitapo. Neno “mwendawazimu” likitamkwa nyuma yake hulisikia. Naamini kwa dhati kwamba neno hilo huua.

Kufika siku ya tatu wageni wametawanyika. Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester waliona vifo vikirundikana siku hizo hizo za mwanzo, na sasa mgonjwa huko hutakiwa kufuatiliwa ndani ya saa 72. Sisi tunangojea tarehe ya kwenye kadi.

Kumfuatilia mtu si lazima kuwe kazi ya daktari bingwa. Shirika la Afya Duniani lilifuata watu 1,867 waliojaribu kujiua katika nchi 5, zikiwemo India na Brazil. Nusu yao, juu ya matibabu ya kawaida, walielezwa hali yao kwa utulivu, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara 9 katika miezi 18. Waliojiua katika kundi hilo ni 2. Katika kundi jingine, 18.

Kwa hiyo nenda, ukae naye, umuulize alilalaje. Kisha muulize waziwazi: “Umepata fikra za kujiua?” Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, aghalabu humtua mzigo. Wengi walificha jibu kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Dawa zote za nyumbani zishikwe na mtu mmoja, ampe dozi kwa dozi. Piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, au mpeleke hospitali ya King Fahd, Lamu, usiku huo huo, hata kama kadi yasema mwezi ujao.