Karbovanets ya 1942: pesa yenye jina la Kiukraine iliyochapishwa Berlin

Ukikutana na neno karbovanets katika historia ya Ukraine, uliza kwanza: ya mwaka gani? Jina hilo, linalotokana na kitenzi cha Kiukraine chenye maana ya kutia alama au kugonga chapa, limevaliwa na pesa kadhaa zisizo na undugu. Jamhuri changa ya Ukraine ilitoa noti ya karbovanets 100 Januari 1918, iliyochorwa na msanii Heorhiy Narbut. Wakati wa Wasovieti, ruble ikiandikwa kwa Kiukraine iliitwa karbovanets. Baada ya uhuru jina likarudi mwaka 1992, na pesa hiyo ikaliwa na mfumuko wa bei hadi Septemba 1996, walipokusanya karbovanets 100,000 na kumpa mtu hryvnia moja, pesa mpya ya Ukraine.

Inayowachanganya watu zaidi ni ile ya 1942, kwa sababu kwa jina ni ya Ukraine lakini serikali ya Ukraine haikuwepo. Wajerumani walikuwa wameikalia nchi kwa mabavu, na sehemu kubwa yake waliitia chini ya kamishna Erich Koch, makao yakiwa mji wa Rivne. Huko wakaunda kilichoitwa Benki Kuu ya Ukraine. Noti zenyewe zilichapishwa Berlin zikiwa na tarehe ya 10 Machi 1942, zikaingia mikononi mwa watu Julai mwaka huo.

Itazame noti moja. Mbele kuna sura ya mtu wa kawaida: mtoto, mchimba madini, baharia, mwanamke wa shambani. Maandishi ya mbele ni ya Kijerumani. Kiukraine kimesukumwa nyuma, na huko ndiko lilikoandikwa onyo kwamba atakayeghushi atafungwa kifungo kizito. Yaani lugha ya mwenyewe ilitumika kumtishia.

Wananchi waliamriwa kusalimisha noti za Kisovieti za ruble 5 na kuendelea, wapewe karbovanets moja kwa ruble moja. Noti ndogo na sarafu za chenji ziliachwa ziendelee kutumika. Mpaka hapo mtu anaweza kusema hakuna aliyepunjwa. Ujanja ulikuwa kwenye kima cha kubadilisha: karbovanets 10 kwa Reichsmark 1, yaani marki ya Ujerumani. Kima hicho kilipangwa na mkaliaji mwenyewe. Askari mwenye marki chache mfukoni alinunua kwa bei ya kutupa, na nafaka, mayai na ng'ombe vikaondoka kwa bei iliyopangwa ofisini. Ni uporaji wenye stakabadhi. Tena noti hiyo haikuwa na thamani nje ya eneo la Koch: katika mji wa Lviv, uliounganishwa na utawala wa Poland iliyokaliwa, watu walitumia zloty, pesa ya Kipoland.

Kwa raia wa Kyiv, hesabu ilikuwa chungu. Mshahara ulilipwa kwa viwango vya serikali, lakini mgao wa chakula haukutosha, na sokoni mshahara wa mwezi mzima ungeweza kuishia kwenye mikate michache. Chakula cha kutoka vijijini kilizuiwa barabarani na kunyang'anywa. Kwa hiyo watu walifungasha koti, viatu, shuka, wakavuta vigari vyao kwa miguu hadi vijijini kutafuta viazi na unga. Mkulima naye hakuwa mjinga. Noti za Rivne angezifanyia nini, wakati madukani hakuna cha kununua? Alitaka chumvi, uzi, kiberiti, au gongo ya nyumbani waiitayo samohon. Hivyo ndivyo vilivyokuwa pesa halisi.

Jeshi la Kisovieti liliingia Kyiv 6 Novemba 1943, na kadiri Wajerumani walivyorudi nyuma noti hizo zikabaki makaratasi. Leo ziko kwa wakusanyaji.

Desturi ya mkaliaji kuanza na pochi za watu haikuishia hapo. Mji wa Kherson, Ukraine, ulipokaliwa na Urusi mwaka 2022, ruble ililetwa itumike sambamba na hryvnia, na wenye maduka wakashinikizwa kuipokea. Wengi waliificha hryvnia yao nyumbani. Novemba 11 mwaka huo majeshi ya Ukraine yaliporudi mjini, waliokuwa nazo wakazitoa na kuanza kununua.