Je, Wajua Ni Katuni Gani ya Zamani Inayostahili Diski Bora Kuliko Zote?

Kampuni za filamu hutoa kila mara matoleo maalumu ya katuni za zamani kwa ajili ya wakusanyaji: diski ya 4K (yenye picha kali kuliko diski za kawaida) ndani ya kasha gumu, kijitabu cha maelezo, na bei inayozidi kwa mbali ile ya diski ya kawaida. Ni filamu ipi hasa inayostahili gharama hiyo? Kwa maoni yangu, umaarufu wa filamu na wingi wa mauzo yake havitoi jibu. La kuuliza ni iwapo mkanda wa asili una uzuri ambao nakala tulizozoea zimeuficha. Kwa kipimo hicho, naitanguliza filamu ya Mjerumani Lotte Reiniger, Die Abenteuer des Prinzen Achmed (yaani Visa vya Mwanamfalme Achmed), iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, ambayo ndiyo katuni ndefu kongwe kuliko zote zilizosalia.

Reiniger, mzaliwa wa Berlin, aliitengeneza kuanzia mwaka 1923 mjini Potsdam, katika chumba kilichokuwa juu ya gereji ya mwanabenki Louis Hagen, aliyegharimia kazi hiyo. Wahusika wake aliwakata kwa mkasi kutoka kwenye kadibodi nyeusi na vipande vyembamba vya madini ya risasi, akaviunganisha viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya meza ya kioo iliyomulikwa kutoka chini, kisha akawasogeza kidogo kidogo, na kila aliposogeza, kamera iliyokuwa juu ikapiga picha moja. Visa vyenyewe alivichota katika Alfu Lela Ulela: farasi arukaye, Aladini na taa yake, na Pari Banu, ambaye mwanamfalme Achmed anamkuta akioga ziwani katika nchi ya Wakwak. (Jina hilo si geni kabisa upande wetu, kwani al-Masudi, mwandishi wa karne ya 10, aliitaja Wakwak pamoja na Sofala katika habari zake za nchi ya Wazanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki.)

Simamisha picha pale Pari Banu anapotua na vazi lake la manyoya. Ni kivuli cheusi tu, lakini kingo zake zimechongwa kwa wembamba wa kushangaza, na mwanga unapenya kwenye nafasi ndogo ambazo mkasi umeziacha. Nyuma yake, karatasi laini zilizopangwa tabaka juu ya tabaka zinaifanya mandhari ifunguke polepole kutoka giza hadi weupe. Hapo ndipo nakala dhaifu inaposhindwa. Picha ikibanwa sana ili ipite kwenye intaneti, vivuli vingi vya rangi hupunguzwa vikawa vichache, na mbingu iliyokuwa laini hutokea na mistari kama ngazi, huku vitobo vya mkasi vikizibana. Diski ya 4K huonyesha nukta 3840 kwa 2160, mara 4 ya Blu-ray ya kawaida, na kwa kuwa hubeba gigabaiti 50, 66 au 100, haina haja ya kuibana picha kiasi hicho.

Rangi nayo ina historia yake. Filamu hii ilitiwa rangi moja moja kulingana na tukio. Negativu ya asili, yaani mkanda wenyewe uliopita kwenye kamera, haipo tena, hivyo urejeshaji uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulitegemea nakala ya mkanda wa nitrati (aina ya zamani ya mkanda wa filamu) iliyohifadhiwa Uingereza, ikiwa bado na rangi zake. Snow White, katuni ya Disney ya mwaka 1937, ilikuwa na bahati zaidi, kwa sababu kila fremu yake (yaani kila picha moja) ilipigwa picha mara 3 kwenye mkanda wa nyeusi na nyeupe, kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu. Fedha iliyo katika mkanda huo haichujuki kama rangi za kawaida. Toleo lake la 4K lilitoka mwaka 2023, kwa hiyo imekwisha kupata haki yake.

Hata hivyo, kusafisha kupita kiasi huharibu. Katika One Hundred and One Dalmatians, katuni nyingine ya Disney ya mwaka 1961, michoro ya penseli ilihamishiwa moja kwa moja kwenye karatasi za plastiki kwa mashine ya kunakili, ndiyo maana mistari yake inakwaruza na ina uhai. Programu ya kufuta chembechembe za mkanda haitofautishi chembe na penseli. Isipozuiwa, hufuta vyote, na mkono wa mchoraji hupotea.

Na tusiisahau Afrika. Moustapha Alassane wa Niger alitoa katuni ya Bon voyage Sim mwaka 1966, kisa cha rais ambaye ni chura, kinachokwisha kwa dakika chache tu. Diski moja ingetosha kuiweka pamoja na Samba le Grand, katuni yake ya vikaragosi ya mwaka 1977, na mimi ningeinunua kabla ya kasha lolote la Hollywood.