Akina Kiplagat si ndugu: dhana potofu kuhusu majina ya wanariadha wa Kikalenjin

Kila msimu wa marathoni ukifika, watangazaji ninaowanoa huniuliza lile lile: "Hawa akina Kiplagat ni ndugu?" Hapana. Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013, na Florence Kiplagat, bingwa wa dunia wa mbio za nyika 2009, hawakuzaliwa nyumba moja. Kwa Wakalenjin, jamii ya Bonde la Ufa nchini Kenya, jina la namna hii hutaja saa au hali mtoto alipozaliwa. Kiplagat alikuja jua likishazama, Kibet mchana, Kiprop mvua ikinyesha, Kipruto mama akiwa safarini. Mvua hainyeshei boma moja, basi Kiprop utawakuta Nandi, utawakuta Elgeyo Marakwet, na hawajuani. Likageuka jina la mwisho kwenye makaratasi tu, pale karani alipotaka jina la baba.

Kwenye marathoni ya Boston, Marekani, wanalijua hilo vizuri. Robert Kipkoech Cheruiyot alishinda huko mwaka 2003, kisha 2006, 2007 na 2008. Mwaka 2010 akashinda Robert Kiprono Cheruiyot, kwa saa 2:05:52. Ni watu wawili, wala hawana undugu. Ukilitupa jina la katikati umempa mmoja ushindi wa mwenzake, na hilo siwezi kulivumilia. Soma majina yote matatu hewani, hata kama produsa anakukimbiza!

Wengine husema Jepchirchir maana yake ni mwenye mbio. Si kweli. Chirchir ni haraka, ndiyo, lakini ni haraka ya uchungu wa mama: mtoto hakukawia kutoka. Dhahabu ya marathoni ya Olimpiki ya Tokyo Peres Jepchirchir aliipata kwa mazoezi.

Wengine huuliza: "Kip mwanzoni mwa jina ni ya kiume, mbona mkimbiaji Faith Kipyegon ni mwanamke?" Kipyegon limetoka kwa baba. Lake la kuzaliwa ni Chepngetich.

Na jamani, Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni, si mtoto wa Kip Keino, bingwa wa mita 1500 wa Olimpiki ya Mexico City 1968. Wote ni Wanandi, tawi la Wakalenjin, na Kipchoge huitwa mtoto aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Maghala yalikuwa kila boma. Hiyo "Kip" yenyewe ni kiambishi cha kiume, magazeti ya nje yalikikata yakakifanya jina. Bingwa huyo mimi humtaja Kipchoge Keino, na wanafunzi wangu nawataka wafanye hivyo hivyo.